Yai Bichi na Yai la Kuchemsha: Uhakiki wa Lugha Tunayosimulia Tumbo la Dunia

Iko sentensi moja iliyozoeleka mno katika madarasa ya Afrika Mashariki. Husema kwamba dunia ni mfano wa yai. Kwamba ganda lake ni jembamba na limeelea juu ya uji wa moto. Na kwamba uji huo unapotafuta pa kutokea, ndipo ardhi hutetemeka na milima hutapika moto. Sentensi yenyewe ni fupi, ina picha, ina mwendo, na mtoto akiisikia mara moja haisahau. Kwa vigezo vya ufasaha yastahili alama za juu. Kwa vigezo vya ukweli haifiki nusu. Katika makala haya twakusudia kuihakiki kama ambavyo tungeuhakiki ubeti wa shairi au ukurasa wa riwaya: imejengwa kwa tamathali gani, tamathali hizo zinabeba nini, na zinaficha nini.

Huenda msomaji akauliza mambo ya miamba yanawahusu nini walimu wa lugha. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kabla ya hapo palikuwa na tamko la mwaka 1973 na badiliko la katiba la mwaka 2005, na kila mmoja wetu anajua jinsi hatua hizo mbili zilivyokawia kufika darasani. Lugha ikiingia shuleni kwa amri ya serikali haiingii na mashairi na methali peke yake. Huingia na vifungu vya ufahamu, na vifungu vya ufahamu husimulia mvua, magonjwa, wanyama, milima na matetemeko. Jiografia ya Uganda hufundishwa kwa Kiingereza, hilo ni kweli. Lakini kifungu cha Kiswahili kikisema uwongo kwa ufasaha, ndicho kitakachokumbukwa.

Mahali pa kuipima sentensi yetu ni Kasese na Bwera, na hatukupachagua kwa mapenzi tu. Pale mtoto huamka na Rwenzori mbele ya macho yake, mlima ambao kilele chake cha Margherita kinafika mita 5,109. Akishuka kusini kuelekea Kikorongo na Katwe anakuta kasoko kadha wa kadha, mashimo ya volkano za kale, baadhi yakiwa na maji ya chumvi. Katwe watu wamevuna chumvi kwa karne nyingi. Na mara kwa mara kitanda chake hutikisika usiku. Mlima, kasoko, tetemeko: vitu vitatu anavijua kabla hajajua kusoma. Mwalimu akimpa sentensi ya uji, mtoto huviunganisha vitatu hivyo papo hapo, na huviunganisha vibaya. Huamini kwamba mlima umejaa uji, kwamba kila tetemeko ni uji unaochemka, na kwamba siku moja Rwenzori italipuka.

Rwenzori si volkano. Ni pande la miamba mikongwe mno, lililosukumwa juu kati ya nyufa za Bonde la Ufa. Hakuna lava iliyoujenga. Kasoko za Katwe na Kikorongo ni jambo jingine, lililo jirani yake. Na matetemeko mengi ya huko hutokea kwa sababu miamba inavutwa pande mbili hadi inakatika. Alfajiri ya tarehe 20 Machi 1966, saa kumi na dakika arobaini na mbili, wakati Kasese na Bundibugyo zilipokuwa bado sehemu ya Toro, mwamba ulikatika namna hiyo. Watu zaidi ya 150 walikufa, na maelfu ya nyumba zikabomoka. UNESCO ilimpeleka mtaalamu, I. S. Loupekine, kuchunguza na kuandika taarifa. Tarehe 5 Februari 1994 likaja jingine, la ukubwa wa 6.2, karibu na Kisomoro upande wa Fort Portal. Katika mikasa ya namna hii kinachoua aghalabu ni ukuta na paa. Mtoto aliyefundishwa habari za uji atatazama mlimani kutafuta moshi. Aliyefundishwa habari za mwamba unaokatika atatazama nyumba aliyolala ndani yake, jinsi pembe zake zilivyofungwa. Ndiyo maana twasema tofauti ya neno moja hapa si ubishi wa wasomi.

Sasa tuitazame sentensi yenyewe. Ina tamathali nne: yai, ganda, tumbo, uji.

Ganda ni neno zuri, nasi hatuna ugomvi nalo. Lina ugumu, lina wembamba, na linadokeza kwamba ndani yake mna kitu kingine. Hata hivyo wembamba wake hatujauona sawasawa. Kutoka usoni hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Ganda la bara lina unene wa kilomita thelathini au arobaini hivi. Kwa uwiano, ganda la yai la kuku ni nene zaidi. Tumbo ni tamathali ya wasimulizi, nasi tumeiweka katika kichwa cha makala haya kwa makusudi: tumbo humeng'enya, huuma, hutapika. Inafaa sana hadithini. Tatizo lake ni kwamba humpa mtoto dunia iliyo mgonjwa, na tetemeko likawa ni ugonjwa badala ya kazi ya kila siku. Waganda husema musisi, jina ambalo ni la tetemeko na pia la mzimu wake. Kiswahili kilichagua neno linaloeleza mwendo tu, tetemeko. Twaona Kiswahili kilifanya vema, kisha tamathali ya tumbo ikamrudisha mzimu kupitia mlango wa nyuma.

Uji ndio kiini cha kosa. Uji ni kimiminika kizito. Tunapoambiwa ganda limeelea juu ya uji, tunaelewa kwamba kutoka chini ya miguu yetu hadi ndani kabisa ni kimiminika kitupu. Ushahidi unasema kinyume, na ushahidi huo ni wa namna mbili: wa kusikiliza na wa kuminya.

Wa kusikiliza kwanza. Tetemeko likitokea, hutoa mawimbi yanayopenya dunia na kutokea upande wa pili. Liko wimbi la kusukuma, ambalo chembe husukumana mbele na nyuma kama wanafunzi waliopangwa mstarini, wa nyuma akimsukuma wa mbele. Hilo hupita katika yabisi na katika kimiminika pia. Liko wimbi la kutikisa, mfano wa kamba iliyofungwa mtini ikipigwa juu na chini. Hilo halipiti katika kimiminika, kwa sababu maji hayana nguvu ya kujirudisha yanapokatwa. Basi mawimbi ya kutikisa hupita katika tabaka lote lililo chini ya ganda, hadi kina cha karibu kilomita 2,900, bila taabu. Mahali panapopitisha wimbi hilo si uji, ni jiwe. Chini ya hapo hayapiti tena. R. D. Oldham alionyesha mwaka 1906 kwamba dunia ina kiini. Harold Jeffreys mwaka 1926 akathibitisha kwamba kiini hicho ni kimiminika. Na mwaka 1936 Inge Lehmann, mwanamke wa Denmark, akagundua ndani ya kimiminika hicho punje nyingine iliyo yabisi. Njia hiyo hiyo imekwisha kutumiwa nje ya dunia yetu: chombo cha InSight kilitua katika sayari ya Mirihi mwaka 2018, kikasikiliza mitetemo yake hadi mwaka 2022, nacho kikakuta kiini cha kimiminika chini ya jiwe gumu.

Kwa hiyo yai halikosei kabisa. Kosa ni kwamba tumelichukua bichi. Ute wa yai bichi hutiririka, na ndio uliotuletea uji. Tulichemshe kidogo, ute ugande na kiini kibaki majimaji, hapo tutakuwa tumekaribia sana: ganda jembamba, kisha tabaka nene lililoganda, kisha kiini cha kimiminika. Ile punje ya Lehmann yai halina, na mwalimu itambidi aiongeze kwa maneno. Tamathali haihitaji kutimia kila upande; inatosha isidanganye upande ulio muhimu.

Namna ya pili ya ushahidi, ya kuminya, ndiyo inayotupendeza zaidi, maana ndani yake mna jiwe la Katwe. Hakuna binadamu aliyefika huko chini. Wachimba shaba wa Kilembe, waliofanya kazi ubavuni mwa Rwenzori kuanzia mwaka 1956, walikuwa bado wanakwaruza ngozi. Hata tundu la Kola nchini Urusi, lililofika mita 12,262 mwaka 1989, halikumaliza ganda. Wataalamu wakaamua kuileta hali ya chini maabarani. Hutwaa kijipande cha jiwe, hukiminya kwa mtambo wa pistoni au kati ya ncha mbili za almasi, hukipasha moto, halafu hutazama kimekuwa nini. Lugha yetu ina neno lililo tayari kwa chombo hicho cha almasi, nalo ni fuawe, lile pande la chuma ambalo mhunzi hufulia juu yake. Fuawe mbili za almasi zinazotazamana, na kati yake punje isiyozidi upana wa unywele: ndizo zilizowawezesha wataalamu wa Japani mwaka 2010 kuufikia mkazo wa katikati kabisa ya dunia, zaidi ya mara milioni tatu na nusu ya ule wa hewa tunayovuta.

Matokeo ya kazi za namna hii yanaeleza fumbo ambalo sentensi ya uji ilishindwa nalo. Huko chini kuna joto kali, joto ambalo lingeyeyusha jiwe hapa juu. Mbona haliyeyuki? Kwa sababu mkazo hulizuia. Mpishi anayetumia jungu la presha anajua kwamba maji ndani yake huchelewa kuchemka, huhitaji moto zaidi. Jiwe nalo likikandamizwa huhitaji moto zaidi ili liyeyuke. Kadiri unavyoshuka joto huongezeka, lakini na mkazo huongezeka, na katika sehemu kubwa ya safari hiyo mkazo ndio unaoshinda.

Ziko lakini sehemu ambazo joto hushinda, na Katwe ni mojawapo. Volkano za Katwe na Kikorongo zilipolipuka zilirusha nje, pamoja na lava, vinundu vya mawe yasiyofanana na ganda. Baadhi ya vinundu hivyo vina piroksini na ulanga wa rangi ya hudhurungi. Mwaka 1975 F. E. Lloyd na D. K. Bailey waliandika kwamba mawe hayo ni ushahidi wa tabaka la chini ya Uganda lililogeuzwa polepole na gesi na vimiminika vilivyopanda kutoka chini zaidi, vikaacha ndani yake potasiamu na vitu vingine. Miaka kumi baadaye, mwaka 1985, Lloyd huyo huyo pamoja na M. Arima na A. D. Edgar wakachukua kinundu cha namna hiyo, wakakiminya hadi kilobari 30, yaani mkazo wa karibu mara 30,000 ya ule wa hewa, unaolingana na kina cha kilomita mia moja hivi, na wakakipasha joto la nyuzi zaidi ya 1,200. Jiwe halikugeuka uji lote. Sehemu yake iliyeyuka, na majimaji yaliyotoka yalifanana kwa mchanganyiko na lava za huko kwao, lava zilizo haba mno duniani kwa wingi wa potasiamu.

Tungependa kila mwalimu wa Kasese alijue jaribio hilo, kwa sababu linaonyesha asili ya uji kwa haki. Uji upo, lakini ni mchache, ni wa mahali, ni wa muda, na hutokana na jiwe. Ulanga una maji ndani ya fuwele zake, na maji hayo hurahisisha kuyeyuka. Hapana bahari ya moto iliyokuwa ikingoja chini ya Katwe. Palikuwa na jiwe lililolowana, likapata joto, likatoa jasho. Tamathali hii ya jasho ni yetu, na twaitoa kwa wasomaji waikosoe. Faida yake ni kwamba mtu atokwaye jasho hageuki kimiminika.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya majina. Miongoni mwa waliozichunguza lava za kusini-magharibi mwa Uganda ni Mwingereza Arthur Holmes. Aina moja aliiita katungaiti kwa jina la mlima mdogo wa Katunga, nyingine mafuraiti kwa jina la kasoko ya Mafuru huko Bunyaruguru, na ya tatu ugandaiti. Mwaka 1974 Mfini Th. G. Sahama akachukua mianzo ya majina hayo matatu, akaiunga, akapata kamafugaiti, jina la ukoo mzima. Leo jiwe la Italia au la Brazili likionekana kuwa la ukoo huo huitwa kwa silabi zilizotoka Katunga, Mafuru na Uganda. Jambo hili latufurahisha, na latuudhi kidogo pia. Latufurahisha kwa kuwa kila silabi ya jina hilo yaweza kutamkwa na mtoto wa Bwera bila kujikwaa. Latuudhi kwa kuwa jina limezunguka dunia nzima na halijafika kwenye kifungu cha ufahamu cha mtoto aliye umbali wa safari fupi kutoka kasoko zenyewe. Huko nje Uganda ni istilahi. Hapa nyumbani bado ni uji.

Tena Holmes huyo anatuhusu kwa jambo kubwa zaidi. Kabla hata ya kuyapa majina mawe ya Uganda alikuwa amekwisha kutoa wazo, lililochapishwa mwaka 1931, kwamba tabaka lililo chini ya ganda, ingawa ni jiwe gumu, huzunguka polepole kwa nguvu ya joto: lenye moto hupanda, lililopoa hushuka, na mabara hubebwa juu yake. Wengi hawakumwamini. Leo wazo hilo, lililorekebishwa, ndilo msingi wa elimu ya dunia. Jiwe gumu linalotiririka: hilo ndilo jambo linalosumbua lugha, na twashuku kwamba neno uji liliingia kwa sababu hii. Aliyesikia kwamba tabaka lile hutembea alidhani haliwezi kuwa gumu, akatafuta kitu kizito kitembeacho, akakuta sufuria ya asubuhi.

Je, Kiswahili hakina tamathali ya kitu kigumu kitiririkacho? Kinazo tatu, nasi tumezipima. Ya kwanza ni udongo wa mfinyanzi. Huu hubadilika umbo bila kumwagika, lakini ni laini mno, tena ni wa baridi, na mtoto atauona kama tope. Ya pili ni chuma cha mhunzi. Kikitolewa motoni kikiwa chekundu hakijayeyuka, bado ni chuma, hushikwa kwa koleo. Hata hivyo hupindika na kurefuka kinapofuliwa. Hapo pana joto, pana mkazo, pana ugumu, vyote pamoja. Upungufu wake ni haraka: mhunzi humaliza kazi yake kabla ya jua kupanda, na tabaka la dunia huenda sentimita chache kwa mwaka. Ya tatu ni lami. Pande la lami baridi ukilipiga nyundo linavunjika vipande. Ukiliacha juu ya meza kwa miezi linatandaa lenyewe. Lami inatupa muda, na inatupa siri yenyewe, kwamba kitu kimoja chaweza kuvunjika kikiharakishwa na kutiririka kikisubiriwa. Kama tungelazimishwa kuchagua moja tungechagua chuma cha mhunzi kwa wanafunzi wadogo, kwa sababu wanaweza kukiona kwa macho, na lami kwa wakubwa. Wenzetu wanaotaka kuzichanganya zote katika aya moja twawasihi wasifanye hivyo. Tamathali tatu katika aya moja hugombana.

Lipo suala la jina la tabaka lenyewe. Wapo waliolitafsiri kuwa joho, kwa kuwa neno la Kiingereza ni la vazi. Wanaolipinga husema joho huvaliwa nje, nalo hapa limewekwa chini ya ganda, kana kwamba mtu amevaa ngozi juu ya nguo. Ukosoaji huo una haki nusu. Ukiitazama dunia kutoka ndani, kiini ndicho kivaacho, na tabaka la jiwe ndilo lililokizunguka. Joho ni la kiini, si la dunia. Mfasiri alilileta vazi akamsahau mvaaji. Ikiandikwa joho la kiini mara ya kwanza, kisha joho tu, mwanafunzi hatapotea. Ikiandikwa joho bila mvaaji, heri kutumia mantili, neno gumu lakini lisilodanganya. Wakati Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, sayansi tatu zilipata nyumba. Jiolojia haimo katika kichwa cha kitabu hicho, na jambo hili laonekana katika maandishi yetu hadi leo: neno moja, ufa, hubeba bonde zima, mwatuko wa mwamba na mstari ulio ukutani.

Tusije tukadhaniwa kwamba tamathali zetu zinamaliza kazi. Rwenzori yenyewe inazikataa mahali pawili. Mlima mrefu kwa kawaida huwa na mzizi, sehemu ya ganda iliyozama chini kuubeba, kama jahazi lenye shehena lizamavyo. Wajerumani na Waganda walioweka vipima-tetemeko kuuzunguka mlima huu kuanzia mwaka 2006 waliukosa mzizi huo. Ganda chini ya Rwenzori ni jembamba, pengine halifiki kilomita thelathini. Nini basi kinachoushikilia juu? Mwaka 2010 Herbert Wallner na Harro Schmeling walitoa wazo kwamba nyufa za pande mbili zilipouzunguka mlima, sehemu nzito ya chini ilibanduka ikazama katika joho lenye moto, nalo pande la juu, likiwa limetuliwa mzigo, likapanda. Wanalitoa kama jambo la kupimwa, wala si kama habari iliyokwisha, nasi tunalipokea hivyo. Mhunzi wetu hana mfano wa jambo hili. Baharia anao: nanga ikikatika, chombo huinuka.

Mahali pa pili ni hapa. Vipima-tetemeko hivyo vilinasa wastani wa matetemeko yapatayo 800 kila mwezi, mengi madogo yasiyosikika na mtu, na karibu yote yalikuwa ndani ya ganda, kama inavyotazamiwa. Lakini Michael Lindenfeld na Georg Rümpker waliripoti mwaka 2011 kwamba machache yalitoka kilomita 53 hadi 60 chini, ndani ya joho, mahali ambapo jiwe la moto lilipaswa kupindika na si kukatika. Wao wanayahusisha na magma inayopenya kwa nguvu katika jiwe. Kwa hiyo hata pale uji kidogo unapokuwepo, sauti inayosikika ni ya jiwe gumu linalopasuliwa. Hapa lami inatusaidia kuliko chuma: iharakishe, itavunjika.

Tumekosoa vya kutosha, na mkosoaji asiyeonyesha mfano hutiliwa shaka. Kifungu cha ufahamu kwa darasa la Kasese au la Bwera twakiandika hivi:

Chini ya Bwera kuna jiwe. Chini ya jiwe hilo kuna jiwe jingine, zito zaidi, lenye moto kuliko tanuri la mhunzi, nalo halijayeyuka kwa sababu limekandamizwa na yote yaliyo juu yake. Jiwe hilo husogea polepole kuliko kucha zinavyokua, au sawa nazo. Linaposogea huvuta miamba ya juu, na miamba ya juu, ambayo ni baridi, haiwezi kupindika, hukatika. Ndipo kitanda hutikisika. Huko Katwe, zamani, sehemu ndogo ya jiwe la chini ililowana ikayeyuka, ikatoka nje, ikaacha kasoko. Mlima Rwenzori haukutoka humo.

Maswali ya kifungu tunawaachia walimu, isipokuwa moja tungependa liwemo: mwanafunzi aombwe kueleza kwa nini mwandishi amesema ililowana. Wenzetu wawili waliosoma rasimu hii walitaka neno hilo liondolewe, kwa hoja kwamba maji ya ulanga hayalowanishi, yamo ndani ya fuwele zenyewe. Hoja yao ni sahihi kwa fizikia. Tumeliacha hata hivyo hadi atakapotokea wa kutupa neno lililo bora, na kurasa za jarida hili ziko wazi kwake.